Kikohozi cha Baba Mkwe

Kyela,
9 Februari 1954

Mume wangu Gideoni,

Pokea salamu za mkeo. Mimi mzima, ila paa ndilo linaloumwa. Mvua ya mwaka huu haitanii. Maji yamefika kizingiti cha jikoni na vyura wanaingia bila hodi. Nimetega vyungu vya kwetu Matema chini ya matone, kila kimoja kinalia kwa sauti yake, basi nyumba ina kelele kidogo.

Barua yako ya mwisho niliipata kabla ya Krismasi. Najua kazi ya mgodini haimpi mtu nafasi. Lakini nikuambie wazi, nimechoka kula peke yangu. Napika chakula cha watu wawili kwa mazoea. Nusu nakitia kwenye chungu, nakipeleka kwenye kisiki kile katikati ya shamba la mpunga, nageuka, narudi. Baadaye nakikuta chungu kimeoshwa, ndani mna samaki mkavu au konzi ya karanga. Tangu mama yako afariki, baba yako ndiye mwenzangu wa kula, na hatujawahi kuonana uso. Najua utacheka.

Sasa kuna jambo limenitatiza. Wiki iliyopita nilikuwa namenya ndizi, nikasikia kikohozi cha baba yako kwenye kona ya njia, kile cha kunitaka nipishe. Nikaacha kisu hapo hapo, nikatoka mlango wa nyuma, nikaingia migombani kama mkwe anavyopaswa. Nikasikia sauti ya mtu wa pili, Kiswahili cha pwani, anabisha hodi, anauliza, "Humu hamna mtu?" Wakakaa kitambo, wakaondoka. Baada ya siku chache wakaja tena, kikohozi kikatangulia tena, nami nikakimbia tena, safari hii na mvua juu. Kanga yangu haijakauka mpaka leo.

Hajawahi kuleta mgeni hapa. Nadhani ni mambo ya kodi ya kichwa. Ukiweza kuja hata wiki moja, njoo. Mlango wa mbele umevimba kwa maji, unahitaji bega la mwanamume.

Mkeo,
Atuganile


Baraza la Kodi za Nyumba,
Kyela
3 Machi 1954

Kwa Bwana Gideoni, mpangaji.
Nakala imebandikwa mlangoni.

Bwana,

Mwenye nyumba, Bwana Lameck, ameliarifu Baraza kwamba nyumba unayopanga kwake, ile ya mwisho kabla ya mashamba ya mpunga, imebaki tupu tangu ulipokwenda migodini. Kama ujuavyo, kodi ya nyumba hiyo imewekwa na Baraza. Nyumba ya namna hiyo ikiwa tupu, ni Baraza linaloigawa kwa mtu mwenye shida ya makazi. Bwana Lameck ameomba agawiwe mpwa wake.

Mzazi wako alifika ofisini kupinga. Alisema mkeo anakaa humo, akajitolea kunipeleka nikashuhudie. Tulikwenda mara mbili. Mara zote mbili hatukumkuta mtu. Mara ya kwanza tulikuta ndizi zimemenywa nusu, lakini ndizi si ushahidi wa makazi, kwani yeyote aweza kuingia akamenya.

Shauri litasikilizwa tarehe 20 Mei, na kabla ya siku hiyo mkeo ataje kwa barua jina la shahidi wake. Ikithibitika kuwa mkeo anaishi humo, nyumba haitaguswa. Isipothibitika, itagawiwa.

Ezra,
Karani wa Baraza


Luanshya,
5 Aprili 1954

Atuganile,

Nimepata barua ya Baraza kabla ya yako. Niliisomea kwenye foleni ya posho, watu wananitazama.

Nakuuliza swali moja tu. Unalala wapi? Karani wa serikali amefika mara mbili, mchana kweupe, tena na baba yangu mzazi, na nyumba haina mtu. Wewe unaniandikia habari za vyura. Huku wapo vijana wa kwetu, na kila mmoja ana hadithi ya mke aliyebaki nyumbani. Mimi nilikuwa nawanyamazisha. Sasa nanyamaza mimi.

Kama ulikuwa Matema kwa kaka yako Tuntufye, sema. Kama ulikuwa kwingine, sema pia. Mlango ukivimba hupunguzwa kwa randa, na baba ni fundi seremala.

Gideoni


Kyela,
26 Aprili 1954

Mume wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa chini.

Nalala kwenye kitanda chetu, upande wa ukutani, kama siku zote. Upande wako nimeweka nguo zilizokunjwa ili usionekane mtupu. Sijakwenda Matema tangu mazishi ya mama yangu. Nilikuwa migombani, Gideoni, na nilikwisha kukuandikia hivyo. Hatua chache tu nyuma ya jiko. Laiti yule karani angezunguka nyumba, angekanyaga vidole vyangu.

Umekaa huko mpaka umesahau? Siku uliyonioa shangazi zako walinikalisha kwenye mkeka wakaniambia: baba yake huyu usimtazame, usikae alipo, jina lake lisikutoke mdomoni, wala neno linalofanana nalo. Huko ndiko kumtila, yaani kumcha, ndiyo heshima yako kwake. Nimeishika miaka yote. Kanisani Ipyana nakaa nyuma ya nguzo. Njiani nikimsikia naingia mtaroni. Hata nikitaka mtu anipishe kwenye benchi, nasema "jivute kidogo," kwa kuwa lile neno lenyewe liko karibu mno na jina lake. Na wewe ulinisifu kwa hilo.

Sasa yeye amekuja kunisaidia, na kila akija kunisaidia, mimi lazima nikimbie. Nimwambieje asije? Siwezi kumtumia hata salamu. Veronika jirani alikubali kunisemea kwenye Baraza, lakini naye amepanga kwa Lameck huyo huyo. Juzi kapita hapa kaangalia chini. Simlaumu.

Nyumba hii ndiyo anwani pekee unayoijua. Wakinitoa, siku ukirudi utabisha hodi atoke mpwa wa Lameck. Ninaogopa hilo kuliko njaa. Mwandikie baba yako wewe. Mwambie siku ya shauri abaki kwake.

Atuganile


Kyela,
4 Mei 1954

Kwa Karani wa Baraza,

Bwana Karani, mimi ndimi mke wa Gideoni na ninaishi katika nyumba hiyo. Hiyo barua uliyobandika mlangoni niliibandua mwenyewe, maana ilikuwa inalowa.

Umetaka nitaje shahidi wangu. Ninaye shahidi mmoja, mzee mwaminifu, ananijua vizuri kuliko wote hapa. Jina lake siwezi kulitaja wala kuliandika. Usidhani nakuficha kitu. Wewe mwenyewe umetembea naye.

Nitafika tarehe 20.

Atuganile


Ipyana,
23 Mei 1954

Mwanangu Gideoni,

Mimi baba yako naandika kwa mkono wangu, na mkono wangu umezoea msumeno kuliko kalamu, kwa hiyo vumilia. Kama uliniandikia kitu kabla ya shauri, hakijafika. Daraja limezama, lori la posta limekwama huko juu tangu mwisho wa Aprili.

Nyumba imetuponyoka mikononi, na mimi ndiye niliyeiangusha.

Nilifika barazani mapema, na koti langu la kanisani. Wakaniita. Nikashika Biblia. Nikasema mkwe wangu anaishi katika nyumba ile, hajaondoka hata siku moja. Mwenyekiti akauliza, "Mzee, wewe umewahi kumwona humo ndani?"

Gideoni, kitabu kilikuwa mkononi. Nikasema, "Sijawahi."

Akauliza, "Nje ya nyumba je? Uwanjani, kisimani?" Nikasema sijawahi. Akauliza, "Ukimwona utamtambua?" Nikafikiri. Nikasema, "Hapana, sura yake siijui." Watu wakacheka. Lameck akacheka zaidi ya wote. Nikataka kueleza, mwenyekiti akasema nijibu nilichoulizwa tu, nimekwisha kujibu.

Kisha wakaliita jina la mkeo, mara tatu, mlangoni. Hakuingia. Nami nikakohoa. Ndivyo nilivyo, nikibanwa kifua nakohoa. Baadaye mke wa mchungaji akaniambia binti alikuwa pale nje muda wote, nyuma ya ukuta, amejifunika kanga, analia kimya kimya. Asingeweza kuingia kwa sababu mimi nilikuwa ndani. Karani ameandika: hakufika, na shahidi amekataa kumtambua. Mkeo amepewa mpaka mwisho wa Julai atoke.

Unaniuliza labda, baba, umejuaje basi kwamba yumo? Nimejua kwa moshi. Asubuhi nikikaa kwenye benchi yangu naona moshi wake ng'ambo ya mpunga. Ukiwa mweusi najua kuni zimelowa. Ukichelewa najua hakulala vizuri, na siku hiyo nami silali vizuri. Najua akiwa na homa, chumvi inazidi. Najua akiwa na furaha pia, ila hilo halijatokea siku nyingi. Baba yangu aliniita Asegelile, maana yake amesogea, na mkeo ndiye mtu wangu wa karibu niliyebaki naye duniani, na hatujasogeleana hata mara moja.

Mimi ni mpweke, mwanangu, sioni haya kusema. Yeye ni mpweke kunizidi. Panda lori, urudi.

Baba yako,
Asegelile


Ipyana,
2 Juni 1954

Kwa Bwana Ezra, Karani,

Kijana wangu, wewe ni mtu wa pwani na kosa si lako. Mimi ni wa hapa hapa na kosa ni langu. Nimelala na jambo hili siku nyingi mpaka nimeamka nalo.

Kwetu, mke wa mwanangu hanioni wala simwoni. Akisikia ninakuja anatoka aende mafichoni, ndiyo adabu. Mimi nami nikikaribia kwake nakohoa nimpe nafasi, nayo ndiyo adabu yangu. Siku zile mbili nilikupeleka kwake, na kabla hatujafika kona nilikohoa. Sikufikiri. Mtu hafikiri kuvuta pumzi. Nilikuwa nakuonyesha nyumba yenye mtu, na papo hapo namtoa mtu mwenyewe. Naye, kama nilivyosikia barazani, ameshindwa kukuandikia jina la shahidi wake kwa kuwa shahidi ni mimi, na jina langu kwake ni mwiko. Wewe ukadhani hana shahidi.

Nakuomba kitu kimoja tu, nacho hakitoki katika sheria yako wala hakiivunji. Njoo kwangu asubuhi, siku yoyote, usinipe taarifa. Keti kwenye benchi yangu, nitakupa chai. Tazama ng'ambo ya mpunga. Utaona moshi unaanza. Ukiuona, nyanyuka uende huko peke yako. Mimi nitabaki.

Na ukifika kwenye kona, tafadhali, usikohoe.

Mimi,
Asegelile, fundi seremala


Luanshya,
19 Juni 1954

Atuganile,

Nimepata yako na ya baba kwa pamoja.

Nimeelewa sasa kwamba hukukosa. Yale niliyouliza mwezi wa nne, yaache.

Lakini hata hivyo, nyumba waachie. Usihangaike nayo kwa ajili yangu. Kampuni imenipa nyumba huku, upande wa watu wenye familia, na hawampi mtu nyumba hizo akiwa peke yake. Nadhani umenielewa. Sikupenda uambiwe na watu wengine.

Sirudi mwaka huu, wala mwakani. Nimemwandikia baba aende kwa Tuntufye akachukue ng'ombe wake wa mahari aliowatoa kwa ajili yako. Wakirudishwa, ndoa imekwisha, kila mtu anabaki huru. Wewe bado kijana. Matema kuna ziwa, kuna ndugu, kuna kazi ya vyungu. Si vizuri mtu kukaa kwenye nyumba inayovuja akimpikia mzee asiyemjua.

Nakutakia mema.

Gideoni


Baraza la Kodi za Nyumba,
Kyela
5 Julai 1954

Kwa Bibi Atuganile.

Bibi,

Baraza limebadili uamuzi wake wa tarehe 20 Mei.

Naeleza sababu kama zilivyoandikwa. Karani alifika kwa mzee fundi seremala bila taarifa, asubuhi, akaona moshi. Akaenda nyumbani peke yake, akabisha hodi, akafunguliwa mlango na mke wa mpangaji, mmoja akivuta na mwingine akisukuma kwa kuwa umevimba. Akaona kitanda kimelalwa, jiko lina moto, vyungu viko chini ya matone. Nyumba si tupu na haijawahi kuwa tupu. Ombi la Bwana Lameck limekataliwa, na ameagizwa kuezeka upya paa kabla ya masika.

Mume wako ameliandikia Baraza kwamba ameiacha nyumba. Kwa hiyo kuanzia sasa mpangaji ni wewe, kwa jina lako mwenyewe, kwa kodi ile ile. Hakuna atakayekutoa humo maadamu unaishi humo.

Hili lifuatalo si la Baraza. Nimefanya kazi hii katika miji mitatu. Nimeona nyumba nyingi zenye watu ambazo zilikuwa tupu zaidi ya hiyo yako. Nakushukuru kwa ndizi ulizonipikia asubuhi ile, na samahani kwa nilivyoandika juu ya ndizi mara ya kwanza.

Ezra,
Karani wa Baraza


Kyela,
20 Julai 1954

Baba,

Nimewauliza wanawake wa kanisani kama barua inakatazwa. Hakuna aliyejua. Mmoja alisema shangazi walisema macho na mdomo, hawakusema kalamu. Basi naandika, na barua hii nitaitia kwenye chungu pamoja na chakula. Jina lako juu ya bahasha sijaliandika, lakini kwenye kisiki kile hafiki mtu mwingine.

Ndaga fijo, baba. Asante sana. Nyumba nimeipata. Jina langu limeandikwa kwenye karatasi ya serikali, nami nimeitazama karatasi hiyo mpaka nikachoka, maana niliipigania nyumba ili Gideoni apate pa kubisha hodi, na sasa hatabisha. Siku niliyopata barua ya karani nilikuwa nimekwisha kupata na ya Gideoni. Nguo zile upande wake wa kitanda nimezirudisha sandukuni. Nililia, sikufichi. Nilichelewa kuwasha moto siku mbili na najua uliona, kwa sababu siku ya tatu nilikuta chungu kimejaa kuni kavu zilizopasuliwa vizuri.

Sasa sikiliza ombi langu.

Kaka yangu Tuntufye alifika hapa Jumamosi kutoka Matema. Anasema ng'ombe wako wapo, wamezaa, na ukija kuwadai atakupa bila ugomvi. Anasema ukiwachukua tu, mimi si mke wa mwanao tena, na miiko yote imekwisha. Naweza kukutazama. Naweza kukutaja kwa jina. Anasema tunaweza hata kukutana sokoni tukapeana mikono kama watu wowote. Alisema hivyo kunifurahisha.

Usiku huo huo nikafikiria uso wako. Nimeishi nao miaka hii yote bila kuujua, nikijua kikohozi tu, na jinsi unavyoosha chungu kwa mchanga mpaka chini, na kwamba hupendi pilipili. Ningependa kuujua, siwezi kusema uongo. Lakini siku nitakayokuona ndiyo siku ambayo wewe si baba yangu. Utakuwa mzee mmoja wa Ipyana, nami mwanamke mmoja mpangaji wa Lameck. Mama yangu hayupo, baba yangu hayupo, mume ndiyo huyo. Sitaki tuwe watu wowote, baba.

Kwa hiyo nakuomba, usiende Matema. Ng'ombe waache huko huko wazaliane. Mwache Gideoni aandike anavyotaka, ng'ombe walitoka zizini kwako, si kwake. Sihitaji unijibu. Nitajua.

Kesho nitawasha moto mapema, nipike ndizi na wale samaki wako. Ukipita njia ya kisimani, ukifika kwenye kona, kohoa kama siku zote. Nami nitaacha kisu, nitakimbilia migombani.

Mimi mkweo,
Atuganile